Kwa Nini Mtunzi Mzuri Aanze Peke Yake na Nyimbo za Watu?

Dar es Salaam ukimwambia mtu kwamba mwimbaji mkubwa wa bendi katoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, halafu ndani hamna wimbo hata mmoja aliotunga mwenyewe, jibu unalipata hapohapo: huyo kaishiwa. Kopi, yaani kuimba nyimbo za watu, ni kazi ya bendi za hotelini, za kuwachangamsha watu Ijumaa usiku kabla vinywaji havijakolea. Albamu ni mahali pa kuweka cha kwako. Ndivyo tunavyopiga hesabu mjini hapa, na siwezi kusema hesabu hiyo haina mantiki. Ila kwa Bryan Ferry inagoma kabisa.

Mwezi Oktoba 1973 huyu Mwingereza, mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Roxy Music, alitoa albamu yake ya kwanza nje ya bendi, These Foolish Things. Nyimbo 13, zote za watu. Na alikuwa hajaishiwa hata kidogo. Albamu mbili za mwanzo za Roxy Music, ya 1972 na ile ya Machi 1973, nyimbo zake zote aliziandika yeye. Mwezi mmoja tu baada ya kopi zake kuingia madukani, bendi ikatoa albamu ya tatu, na humo pia kalamu kubwa ni yake. Yaani mtu mwenye ghala limejaa, anakwenda kuazima unga kwa majirani.

Ukitaka kumwelewa inabidi ujue mambo kadhaa yaliyofungana: siasa za ndani ya bendi, desturi ya roki ya miaka ile, na sheria ya hakimiliki, ambayo ndiyo inayowachanganya watu wengi zaidi, wakiwemo wanamuziki wenyewe.

Tuanze na bendi. Roxy Music ilikuwa na mtambo wa vituko kwa jina la Brian Eno, fundi wa sinthesaiza na kanda, ambaye magazeti yalimpenda karibu sawa na mwimbaji. Katikati ya 1973 Eno akaondoka. Nafasi yake ikachukuliwa na Eddie Jobson, kijana mpiga kinanda na fidla. Katika kipindi hichohicho Ferry aliingia studio za AIR pale London kurekodi mambo yake. Angalia sasa nani yumo kwenye rekodi hiyo: ngoma anapiga Paul Thompson, yuleyule wa Roxy. Fidla na kinanda, Jobson. Hata mpiga gitaa wa bendi, Phil Manzanera, kapita humo. John Porter, aliyewahi kuipigia bendi gitaa la besi, ni miongoni mwa waliosimamia kazi pamoja na Ferry mwenyewe.

Kwa hiyo hakuhama. Anayefahamu historia ya muziki wa dansi hapa nyumbani anajua kuhama kunavyokuwa: mwimbaji anaondoka na wenzake wawili watatu usiku, kesho asubuhi kuna bendi mpya, na mashabiki wanagawana mitaa. Mwimbaji Muhidin Gurumo alitoka NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, akaenda kuanzisha Mlimani Park mwaka 1978, na mji mzima ukazungumza. Ferry alitaka kitu kigumu zaidi, kuwa na jina lake bila kuvunja nyumba. Angetoa albamu ya nyimbo zake mwenyewe, swali la kwanza la wenzake lingekuwa hili: kwa nini nyimbo hizi hukuzileta kwetu? Kila wimbo mzuri ungeonekana kaunyima bendi, na kila wimbo hafifu ungeonekana kabakisha mazuri kwa bendi. Nyimbo za watu zilimwondolea kesi hiyo. Haziwezi kuibwa kutoka Roxy kwa sababu hazikuwa za Roxy.

Hii si dhana yangu tu, fuatilia miaka iliyofuata uone. Mwaka 1974 alitoa albamu ya pili ya peke yake: kopi tena, isipokuwa wimbo mmoja wake, tena kauweka mwishoni kabisa. Mwaka 1976 Roxy Music ikasimama. Mwaka uliofuata, 1977, ndipo ikatoka kwa mara ya kwanza albamu ya Ferry peke yake ambayo kila wimbo ni utunzi wake. Bendi ilipokuwa haipo, tungo hazikuwa na mahali pengine pa kwenda.

Jambo la pili ni desturi, na hapa sisi tunaweza kumwelewa haraka kuliko hao waliomshangaa London.

Roki ya miaka ya 60, hasa baada ya Beatles na Bob Dylan, ilijenga imani kwamba mwimbaji wa kweli huimba alichokiandika. Kabla ya hapo haikuwa hivyo. Frank Sinatra, mwimbaji mkubwa wa Marekani, hakuwa mtunzi. Elvis Presley aliletewa nyimbo na waandishi waliokaa ofisini kama makarani. Kufikia 1973 imani mpya ilishakuwa sheria isiyoandikwa, na kuimba cha mwenzio kulikuwa kama kukiri umaskini. Ferry aliingilia mlango wa nyuma. Alikuwa amesoma sanaa chuoni Newcastle chini ya Richard Hamilton, mchoraji aliyejulikana kwa kuchukua picha za magazeti na matangazo ya biashara, kuzikata na kuzipanga upya mpaka zikawa kazi yake. Mwanafunzi wa mwalimu kama huyo haoni haya kushika kitu kilichokwisha kutengenezwa. Swali lake ni utakiweka wapi, karibu na nini.

Kwetu, taarabu haijawahi kuwa na tatizo hili. Kuna mwenye mashairi, kuna mwenye muziki, kuna mwenye sauti, na huenda wote watatu wasikutane kwa mtu mmoja. Bi Kidude aliimba maisha yake yote nyimbo alizozichukua kwa Siti binti Saad, yule aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Sijapata kumsikia mtu akisema Bi Kidude alikuwa anapiga kopi. Watu walikwenda kusikiliza ile sauti iliyokwaruza kama mlango wa zamani, na namna alivyokuwa akiulazimisha wimbo umfuate yeye.

Sasa msikilize Ferry kwa sikio hilohilo. Albamu inafunguliwa na wimbo wa Dylan, A Hard Rain's A-Gonna Fall, uliotoka 1963. Dylan aliuimba na gitaa lake tu kwa karibu dakika saba, maswali na majibu kati ya mzazi na mwanawe aliyerudi safarini, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. Ferry anauanza kwa piano inayogongwa kwa nguvu kama mtu ana haraka na basi. Wanaingia wanawake wa kuitikia, zinaingia fidla, na baadhi ya picha ndani ya maneno zinapotajwa kuna kelele ya studio inayozionyesha, kama mchezo wa redio. Mwenyewe anatetemesha sauti na kuyabana maneno puani kiasi kwamba hujui anatania au yumo kweli. Nadhani anafanya yote mawili, na hapo ndipo utamu ulipo. Walioupenda wimbo wa Dylan kama msahafu walikasirika. Lakini ukatoka kama singo, ukafika namba 10 Uingereza, na albamu ikafika namba 5.

Halafu kuna It's My Party, kibao cha Lesley Gore cha 1963, msichana analia kwenye sherehe yake mwenyewe kwa sababu Johnny wake kaondoka na Judy. Mwanamume yeyote mwingine angebadilisha majina. Ferry kaacha kila kitu kilivyo, na kauimba kwa uso mkavu. Ni kitu kidogo lakini kinafichua mpango mzima: hadai kwamba haya ni maisha yake. Anaigiza, na anataka uone anaigiza. Hapo ndipo kopi inapomsaidia mwimbaji kuliko utunzi wake mwenyewe. Wimbo mpya ukikupendeza hujui umependa tungo au umependa sauti. Wimbo unaoujua tangu utotoni ukikushtua, kilichobadilika ni kimoja tu, na hicho ndicho mwimbaji anachotaka ukitazame.

(Mwezi uleule wa Oktoba 1973 David Bowie naye alitoa albamu ya kopi, Pin Ups. Magazeti yakaziweka kwenye mzani. Bowie alijifungia kwenye nyimbo zilizovuma London miaka michache tu ya katikati ya 60, nyimbo alizokuwa akizisikia akiwa kijana klabuni. Ferry alizunguka mbali zaidi, kuanzia wimbo wa maonyesho ya jukwaani wa 1936, uliompa jina la albamu, hadi Rolling Stones wa 1968. Kwangu mimi ya Ferry imezeeka vizuri zaidi.)

Na kwa kuwa tuko mwaka 1973, kuna jambo Mtanzania hapaswi kulipita. Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Zanzibar 1946, dunia ikimjua kama Freddie Mercury, rekodi yake ya kwanza nje ya bendi yake, Queen, nayo ilikuwa kopi. Ilitoka kiangazi cha mwaka huohuo, wiki chache kabla ya albamu ya kwanza ya Queen, kwa jina la bandia Larry Lurex: I Can Hear Music, wimbo ambao Ronettes na Beach Boys walikuwa wameshauimba. Haikuuza. Wengi hawakujua ni yeye mpaka miaka ilipopita.

Sasa sheria. Hapa watu hujikwaa kwa sababu tunasema "wimbo" tukimaanisha vitu viwili. Kuna utunzi, yaani maneno na melodi, na kuna rekodi, yaani ile sauti iliyonaswa siku fulani kwenye studio fulani. Kila kimoja kina mwenyewe, na mara nyingi si mtu yuleyule. Mfano mzuri ni Dylan huyohuyo: mwaka 2020 aliuza tungo zake kwa Universal, na baadaye rekodi zake akaziuza kwa Sony. Ukicheza rekodi ya Dylan, kampuni mbili zinahusika. Ukicheza A Hard Rain ya Ferry, Sony haimo kabisa, lakini Universal imo, kwa sababu maneno na melodi ni vilevile.

Je, Ferry alimwomba Dylan ruhusa? Hakuhitaji. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya 1956 ilisema kwamba wimbo ukishatolewa mara moja kwenye rekodi za kuuzwa kwa ridhaa ya mwenyewe, mwingine yeyote anaweza kuurekodi kwa kutoa taarifa na kulipa mrabaha uliopangwa: asilimia 6.25 ya bei ya rejareja, igawanywe kwa nyimbo zilizomo. Marekani walikuwa na utaratibu wa namna hiyo tangu 1909, enzi za piano zinazojipiga zenyewe kwa karatasi zenye matundu. Wabunge waliogopa kampuni moja ingenunua nyimbo zote na kuwafungia wengine, wakaweka leseni ya lazima kwa senti mbili kwa kila nakala. Amini usiamini, mwaka 1973 ilikuwa bado senti mbili zilezile.

Fanya hesabu upande wa Ferry. Katika albamu za Roxy alikuwa akipata fungu la mwimbaji na fungu la mtunzi. Katika These Foolish Things, fungu zima la utunzi lilikwenda kwa wengine, mpaka senti ya mwisho, nyimbo 13 zote. Alilipa ili aimbe. Kwa hiyo yule anayesema kopi ni njia ya mkato ya kupata pesa, huyo hajui pesa ya muziki inapokaa. Inakaa kwa mtunzi, na inakaa miaka mingi baada ya mwimbaji kusahaulika.

Leseni ya aina hiyo ina mipaka yake. Unaruhusiwa kuupanga wimbo ukae kwenye sauti yako na vyombo vyako, huruhusiwi kuufanya mwingine. Ndiyo maana Salome ya Diamond Platnumz na Rayvanny ya 2016 haihesabiki kuwa kopi, hata kama kila mtu alitambua mara moja Maria Salome ya Saida Karoli. Maneno mengi ni mapya, umbo ni jipya, kilichobaki zaidi ni melodi. Kazi ya namna hiyo ni utohozi, na utohozi unaombewa ruhusa na kupatanwa bei. Hakuna asilimia iliyopangwa na sheria ya kukimbilia. Na ukichukua kipande cha rekodi yenyewe, saksafoni ya zilipendwa kwa mfano, ukakipachika kwenye biti lako, unahitaji ruhusa mbili: ya mtunzi na ya mwenye rekodi.

Mfumo huu wote unasimama juu ya jambo moja, kwamba jina la mtunzi limeandikwa sawasawa mahali fulani. Lisipoandikwa, pesa inakwenda kwa aliyewahi kalamu. Malaika imeimbwa na Miriam Makeba, na Boney M., na Angélique Kidjo. Fadhili William wa Kenya ndiye anayejulikana kuirekodi mapema, lakini wapo wanaosema mtunzi hasa ni Adam Salim, na wengine wanataja majina mengine. Nakala ngapi zimeuzwa duniani, na mabishano hayo hayajaisha.

Hapa Dar mambo yana sura yake. Vikundi vya vijana vya mwisho wa miaka ya 60 viliishi kwa kopi za soul ya Marekani, mpaka Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alipopiga marufuku muziki huo jijini. Serikali ilitaka cha nyumbani. Tangu hapo neno "kopi" limebeba lawama ambayo si ya muziki peke yake, na nadhani mabaki yake bado yako katika jibu letu la "kaishiwa".

Kisheria tunaongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, iliyozaa COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki nchini. Mwaka 2022 COSOTA ilibadilishwa kutoka chama na kuwa ofisi ya hakimiliki, na kazi ya kukusanya mirabaha ikafunguliwa kwa kampuni na vyama vya wenye haki. Kijana wa bendi akimuuliza mpiga besi mzee wake, "Anko, tukipiga za watu hapa hotelini si tutashtakiwa?", jibu sahihi ni kwamba leseni ya muziki wa hadhara inamhusu mwenye ukumbi au mwandaaji wa onyesho. Mwimbaji halipii kila wimbo anaoimba jukwaani. Mambo yanabadilika pale kijana huyohuyo anapoingia studio ya Sinza akarekodi, maana sasa anatengeneza nakala, na yanabadilika tena anapopiga video na kuiweka YouTube, maana kuunganisha utunzi wa mtu na picha ni ruhusa nyingine tena. Mara nyingi mtambo wa YouTube huutambua wimbo wenyewe, video ikabaki, lakini matangazo yakamlipa mwenye utunzi. Kijana anaamka ana watazamaji laki moja na salio sifuri, anadhani kaibiwa.

Na muda nao unahesabiwa kwa nchi. Chukua ule wimbo wa 1936 uliompa Ferry jina la albamu. Maneno ni ya Eric Maschwitz, aliyefariki 1969. Melodi ni ya Jack Strachey, aliyefariki 1972. Sheria yetu ya 1999 inalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo, na watunzi wakiwa zaidi ya mmoja huhesabiwa kuanzia kifo cha wa mwisho. Kwa hesabu hiyo ulinzi wake hapa ulifika mwisho 2022. Uingereza ni miaka 70, kwa hiyo kule bado una mwenyewe hadi 2042. Mwimbaji wa Masaki anaweza kuurekodi kesho kwa ajili ya soko la hapa bila kumlipa mtunzi. Akiusambaza mtandaoni ukafika London, kule unadaiwa. Na rekodi ya Ferry ya 1973 asiiguse, hata kipande, mpaka kwanza ajue nani anaimiliki.